Meno ya Shilingi: Maisha ya Mama Elinipendo Aminieli Swai, 1939–2003

Baba mchungaji, wazee wa ukoo wa Nkya na wa Swai, majirani na wote mliopanda mlima kuja kumsindikiza mama yetu, shikamooni, na poleni na safari. Mimi ni Goodness, mke wa Praygod, kitinda mimba wa marehemu. Nimeombwa kusoma kwa kuwa ndiye niliyekaa naye jikoni miaka yake ya mwisho. Karatasi mlizoshika zilichapwa mjini Moshi siku ya Alhamisi. Yaliyotokea hapa jana Ijumaa hayamo. Nimeyaongeza kwa mkono wangu, wifi Hilda na shemeji Fredy wameyasoma, na wote wawili wamesema, "Soma." Kwa hiyo mkiona nimepita mahali karatasi yenu inapoishia, msifikiri nimepotea.

Mama Elinipendo alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 hapa hapa Masama, upande wa juu wa kanisa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Aminieli Swai na Bi. Eliaichi. Alibatizwa siku ya Pasaka ya mwaka huo huo. Baba yake alifanya kazi mjini Moshi kwa sonara mmoja, akivuta mifuo ya kupulizia moto na kufagia chini ya meza, na alirudi nyumbani kila Jumamosi mchana. Mama alikuwa akituambia kuwa vumbi la kule halikumwagwa nje. Lilichekechwa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na unga wa fedha.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1949 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1952. Alipenda hesabu na kuimba, na kushona hakukupenda kabisa. Alipata kipaimara mwaka 1954. Katika miaka hiyo ya shule kulitokea jambo dogo ambalo alilirudia mpaka sisi wote tukalijua kama tunavyojua Baba Yetu, na lazima nilisimulie, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo.

Siku moja alitumwa chumvi dukani na shilingi ya mfalme. Mwenye duka hakuitazama. Aliizungushia kucha ya kidole gumba pembeni, pole pole, ndipo akampa chumvi. Binti alirudi amekasirika. Baba yake aliporudi Jumamosi akamwambia, "Baba, yule mtu wa duka ameikwaruza shilingi yetu kama anaitafutia chawa."

Mzee Aminieli akacheka mpaka akakohoa. Akaweka sarafu mbili juu ya kigoda: senti kumi ya shaba, ile yenye tundu katikati, na shilingi. "Pitisha kidole pembeni mwa hii ya tundu. Ikoje?"

"Laini."

"Na hii?"

"Ina meno, baba."

"Haya. Ile ni shaba. Nani ataharibu tupa yake kukwangua shaba? Lakini shilingi, zile za zamani, zilikuwa fedha yenyewe. Mjanja alikuwa anaikwangua pembeni kidogo tu, halafu anakwenda nayo sokoni kama kawaida. Unga unabaki kwake. Akikwangua nyingi ana bangili, na kila aliyezipokea anadhani ameshika shilingi nzima. Ndiyo maana zikazungushiwa meno."

"Ili zimng'ate mwizi?"

"Hayang'ati, binti yangu. Yanaonyesha tu. Palipokwanguliwa panakuwa laini, na kila mwenye kucha anapajua."

Siku ya kipaimara baba yake alimpa ile shilingi aliyoiweka juu ya kigoda. Hakuitumia. Alifunga ndoa nayo ikiwa kwenye pindo la kanga, alizaa nayo, na mpaka juma lililopita ilikuwa ndani ya kikopo cha mafuta ya mgando juu ya kabati.

Ndoa yake na baba yetu Ebenezeri Nkya ilifungwa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1958 katika kanisa letu hili. Alikuja kuolewa kwa miguu, shamba hata shamba, mwendo usiotosha wimbo mmoja kwisha. Kihamba, yaani shamba la ukoo, alichokuta ndicho hiki mnachokikanyaga. Baba mkwe wake alikuwa amekigawa kwa wanawe wawili: upande huu Ebenezeri, upande ule mdogo wake, baba mdogo Theodory. Kati yao wakapanda masale, ile miti ya mpaka, kama kawaida yetu. Isale ukilipanda hapa mlimani hata kipofu anajua kuwa hapo ndipo pa mtu panapoishia. Mama alipoiona ile safu alimwambia mumewe, "Pana nafasi kati ya mti na mti, mume wangu. Safu hii ina mapengo." Akapanda mengine katikati mpaka yakasimama kama meno ya shilingi. Baba alimtania mbele za watu kwamba ameoa karani wa benki.

Kazi ya mama ilikuwa kihamba. Alilima kahawa na migomba, alifuga ng'ombe wawili wa ndani, na siku za soko alipeleka ndizi Sanya Juu. Miaka ile ya themanini sabuni ilipopotea madukani, alikwenda na wenzake hadi Holili, mpakani na Kenya, kuitafuta, akarudi na miche michache aliyoifunga tumboni, askari wa kizuizini akamwambia, "Mama, una mimba ya miezi mingapi?" Akajibu, "Hii ni ya povu, mwanangu. Nipishe isije ikayeyuka." Alipitishwa. Sabuni ile aliigawa kwa majirani, na baadhi yenu mliosimama hapa mliogea.

Kahawa alikuwa haipunguzii heshima. Hata wakati bei ilipoanguka na watu wakaing'oa kupanda nyanya, yeye alipogolea miti yake kama anamnyoa mtoto. Walipoanza kuja wanunuzi wa binafsi na mapikapu yao, kila mmoja na mzani wake, alipeleka gunia lile lile kwa wawili kabla ya kumuuzia yeyote. Hakuamini mambo yaliyonyooka kwa nje. Mwaka jana binti yangu Doris alimletea sarafu mbili, ya kumi na ya ishirini, akamuuliza, "Bibi, hii ya kumi ina meno na hii ya pembe pembe haina. Kwani ya kumi ni ya fedha?"

Mama akacheka. "Fedha gani! Ni chuma tu hiyo, mjukuu wangu. Meno yamebaki kwa mazoea." Kisha uso wake ukabadilika, nikamwona amekunja kanga mkononi. Akasema, "Zamani mwizi alikwangua pembeni. Siku hizi wanakula ndani. Nilikwenda na shilingi moja nikarudi na chumvi ya mwezi; leo nenda na hiyo ya kumi, hata pipi hupewi. Lakini tazama, meno yote yapo! Wamekuachia meno uyapapase."

Nilidhani anasema juu ya bei ya vitu. Nilikuwa bado sijamwelewa. Alikuwa anasema pia juu ya mpaka.

Baba Ebenezeri alifariki Jumapili tarehe 21 Juni 1987 kwa ugonjwa wa kifua. Kabla hajafa alisema mbele ya ndugu zake, na baba mdogo Theodory akiwa ameketi kwenye kitanda chake, "Mnizike karibu na masale. Lakini upande wa mpakani mwachieni Mama Fredy. Yeye ndiye anayejua kuulinda." Akazikwa hapo, na kati ya kaburi lake na safu ya masale paliachwa nafasi ya kaburi jingine na njia ya kupita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Wengi wenu mlikuwepo. Mlipita kwenye njia hiyo na sururu na mikeka.

Njia hiyo haipo leo. Nauliza, ndugu zangu: ilikwenda wapi?

Niseme jinsi ilivyokwenda. Kila masika baba mdogo alikuja na miche, akapanda upande wa mama, akisema anamsaidia mjane kunenepesha mpaka. Watu walimsifu. Ile miche ikishakua, alikata ile ya zamani ya upande wake, akisema imezeeka. Mwaka unaofuata tena. Mtu akipita barabarani anaona safu nzuri ya kijani, haina pengo hata moja. Fredy alikuwa Dar es Salaam, Praygod alikuwa mtoto wa shule. Ni mama peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipalilia, aliyeona kwamba mti wake wa mwisho wa kahawa uliokuwa ndani umefika mpakani, mwaka uliofuata ukawa ndani ya masale, na uliofuata ukawa wa baba mdogo. Alinieleza kwa maneno haya: "Goodness, huyu amemshinda hata yule mwizi wa shilingi. Anakwangua, halafu anachonga meno mapya."

Na ilikuwa kwa ajili ya nini? Barabara. Mwanawe wa mjini alikuwa amejenga, na pikapu ilitakiwa ifike mlangoni. Mama alimfuata, akamwambia kwa adabu, "Shemeji, gari lenu linakuja Krismasi. Mume wangu yupo hapa mwaka mzima."

Baba mdogo akamjibu, na majirani walisikia, "Mama Fredy, mwanamke anaolewa na mtu, haolewi na mpaka."

"Sawa, shemeji. Lakini watoto wa kaka yako niliwazalia ndani ya huo mpaka."

Mwaka 1998 ndipo jambo hili likaletwa kwa wazee wa ukoo. Na hapa wazee wangu mtanisamehe, nasema kwa heshima yote lakini nasema. Mlikuja, mkatazama safu, mkaona masale yamesimama kama askari. Mkauliza, "Pengo liko wapi?" Mama akawaambia, "Msitafute pengo. Huyu hakuacha pengo. Tafuteni mizizi." Hakuna aliyeshika jembe. Mzee mmoja alisema ardhi ni ya ukoo, mwanamke anapimia nini. Kisha baba mdogo Theodory akakata jani la isale, akalifunga fundo, akamletea mama kwa mikono miwili mbele yenu wote.

Wageni wetu mliotoka mbali mjue kwamba huku kwetu aliyekosa akileta isale, halikataliwi. Hata aliyeua ndugu yako akilileta, unalipokea. Ni jani la amani, na ni la mti ule ule wa mpaka. Mama alijua hivyo kuliko wengi. Alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Jani nimelipokea, shemeji. Sina ugomvi na wewe. Sasa, mti wake uko wapi?"

Mzee Ndewario, mwenyekiti wa ukoo wetu, ambaye yupo hapa mbele, alimwambia, "Mama Fredy, ukishapokea umepokea. Maneno yamekwisha."

"Mzee wangu, nimemsamehe mtu. Sikumpa shamba."

Mkacheka. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, mkanywa, mkaenda. Na tangu siku hiyo kila alipofungua mdomo juu ya mpaka aliambiwa, "Si ulipokea isale? Mkristo gani asiyesamehe?" Nami nimeishi hapa na maneno hayo. Niliyasikia kisimani, niliyasikia kwenye kikundi cha kina mama, niliyasikia hata mlangoni pa kanisa. Mtu ameibiwa, akasamehe, halafu msamaha wake ukafanywa risiti ya mwizi! Nimezaa watoto wawili katika nyumba hii, na kila ninapowafundisha kusema samahani, najiuliza nitawaambiaje kwamba neno hilo halina miguu, haliwezi peke yake kurudisha kitu kilichochukuliwa.

Mama hakugombana. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu wako waliomwita mkorofi. Mjukuu wa baba mdogo alipougua malaria, mama ndiye aliyempikia mtori na kumpelekea kwa kupitia ile barabara ya changarawe iliyopita juu ya kahawa yake. Aliporudi nilimuuliza, "Mama, huoni uchungu?" Akasema, "Naona. Lakini mtoto hakukwangua kitu." Jani lile la isale alilikausha, akaliweka ndani ya Biblia yake.

Ugonjwa wa mama ulianza mwaka 2000 kwa kisukari, baadaye shinikizo la damu. Alihudhuria kliniki bila kukosa na aliacha sukari kwenye chai, ingawa alisema chai ya namna hiyo ni maji yaliyofiwa. Mwezi Julai mwaka huu mguu wa kushoto ulipata kidonda kisichopona. Tulimpeleka hospitali mjini Moshi tarehe 18 Agosti. Wodini alikuwa akiwauliza wauguzi majina ya mama zao. Juma la mwisho alinishika mkono, nikiwa namnyonyesha mdogo wake Doris pembeni ya kitanda, akasema, "Mwambie Praygod wanizike mpakani kama baba yake alivyosema. Wakikwambia hapatoshi, usibishane. Waambie wachimbe."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2003, asubuhi, saa tatu kasoro. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Karatasi zenu zinaishia hapa. Ya jana ni haya.

Vijana wa mtaa walikuja kuchimba kaburi. Kati ya kaburi la baba na masale palikuwa pamebaki nafasi ya kumlaza mtoto, si mtu mzima. Walipoanza, baba mdogo akatoka kwake na fimbo yake. "Hapo hapatoshi. Mkipanua mtaingia kwangu. Mchimbieni kule chini, karibu na zizi, pana udongo laini."

Shemeji Fredy ndiye mkubwa, na alikuwa amechoka na safari. Alisema, "Baba mdogo, mwili wa mama bado uko mochwari, tusigombane. Labda kule chini..."

Wifi Hilda hakumwacha amalize. "Kaka, mama hatalala na ng'ombe."

"Hilda, jirani wanatazama."

"Watazame! Walitazama tangu mwaka themanini na saba, leo ndiyo waone."

Hapo nikakumbuka neno la mama. Sikubishana na mtu. Nilimwambia mume wangu, "Mama alisema mchimbe." Praygod akachukua jembe kwa kijana mmoja, akachimba pale pale palipokuwa petu bila ubishi, kando ya kaburi la baba yake. Jembe halikwenda kina cha goti, likatoa mizizi. Mizizi ya isale mnaijua, rangi yake ni ya chungwa, haifanani na ya mti mwingine wowote kihambani. Lakini ilikuwa minene, mizee, na haikuwa ya ile miti iliyokuwa imesimama juu yetu. Ilitoka upande wa pili. Ilipita chini ya safu na kuendelea kwenda chini ya barabara ya pikapu.

Baba mdogo akasema mizizi haina adabu, inakwenda popote. Ndipo Mzee Ndewario, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi, akanyanyuka. Nampa heshima yake kwa hili. Akavuka masale, akasimama katikati ya barabara, akapiga changarawe kwa kisigino. "Fukueni hapa."

Wakafukua. Visiki vilikuwa hapo, vimekatwa chini ya udongo, kimoja, kingine, kingine, vimebanana vile mama alivyovipanda alipokuwa bibi harusi. Viwili vilikuwa vimechipua gizani, vichipukizi vyeupe kama vidole vya mtoto mchanga, vinatafuta pa kutokea. Mzee Ndewario aliinama kwa shida akapitisha mkono wake juu ya safu ile, kisiki kwa kisiki. Akasema, "Meno haya hapa. Mama Fredy alituambia tutafute mizizi." Kisha akatugeukia wenye kufiwa. "Na mimi nikamwambia maneno yamekwisha."

Vijana hawakungoja ruhusa nyingine. Walipanua.

Baba mdogo Theodory alikwenda kwenye safu, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akamletea shemeji Fredy kwa mikono miwili. Watu wote wakamtazama Fredy, maana halikataliwi. Ni wifi Hilda aliyeingia ndani, akatoka na Biblia ya mama, akaifungua. "Baba mdogo, jani lako la mwaka tisini na nane hili hapa. Mama alilipokea, akalitunza, halijavunjika. Sisi ni watoto wake, tumelipokea pamoja naye. Hatuna haja ya jani la pili. Lete mti."

Baba mdogo aligeuka na jani lake mkononi. Alirudi kwake. Leo asubuhi nimemwona amekuja na shati jeupe, na yuko hapa nyuma ya wanakwaya. Shikamoo, baba mdogo. Asante kwa kuja.

Sasa niwaambie jambo ambalo familia imeamua, ili msishangae ratiba ikibadilika. Baada ya udongo, karatasi zenu zinasema kutakuwa na kuweka mashada. Hatutaweka maua kwanza. Pale kando ya mgomba kuna rundo la miche ya isale, na mizizi yake, wengine wetu tumeing'oa alfajiri kutoka kwenye ile safu ya uongo. Kila atakayeitwa kuweka shada achukue mche mmoja, avuke, aupande kwenye kisiki chake, pale barabarani, mmoja karibu na mwenzake, pasiwe na nafasi ya kidole. Gari la Krismasi litatafuta njia nyingine. Vile vichipukizi viwili msivikanyage.

Na katika kuitwa, hatutaanza na watoto wala wajukuu. Wa kwanza kuitwa atakuwa shemeji wa marehemu, baba mdogo Theodory Nkya. Mche wake tumeuweka peke yake juu ya jiwe, ni ule mrefu kuliko yote. Hatutamsukuma na hatutamwimbia. Tutasimama, tutangoja.

Marehemu ameacha watoto wanne: Fredy aliyeko Dar es Salaam, Hilda, Elisaria aliyeko Arusha, na Praygod wa hapa nyumbani. Mtoto wake Sylvanus alimtangulia mwaka 1971. Ameacha wakwe, wajukuu kumi na mmoja, dada yake mmoja, wanakikundi wenzake wa kina mama, ng'ombe mmoja mwenye mimba, na shilingi moja ya mfalme ambayo sasa iko kwa Doris. Nimeizungushia kucha asubuhi ya leo. Imekwaruzika usoni, mfalme haonekani vizuri, lakini pembeni haijaguswa.

Mama, pole kwa kungoja. Ulale kwa amani kando ya mumeo, upande wa mpakani, kama mlivyokubaliana.

Apumzike kwa amani, na mpaka wake usimame.

Baada ya udongo, baba mdogo, karibu.